Wasiwasi wa mama, wangu na wa binti yangu

Je, umewahi kushuka kwenye matatu kabla hujafika uendako, si kwa kukosa nauli wala kwa kutukanwa na kondakta, bali kwa sababu moyo wako ulianza kwenda mbio na ukahisi kwamba ukikaa humo dakika moja zaidi utakata roho? Ikiwa hujawahi, mshukuru Mungu. Ikiwa umewahi, basi sogea karibu, kwa maana leo nina habari yako.

Mimi nimeshuka hivyo mara nyingi. Nakaa Buru Buru, hapa Nairobi, nami ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikishuka City Stadium, kwenye barabara ya Jogoo, kisha natembea kwa miguu hadi mjini. Wenzangu waliponiuliza, niliwaambia kwamba napenda kunyoosha viungo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa, na sikujua naogopa nini.

Mama yangu alikuwa vivyo hivyo. Kule kwetu Murang'a, mvua ikichelewa aliingiwa na wasiwasi, na ikinyesha aliingiwa na wasiwasi kwamba mto umefurika na watoto hawajarudi kutoka shuleni. Hakulala hadi sote tuwe ndani na mlango umekomewa. Katika harusi ya ndugu yangu alitoka hemani ghafla akitweta, mikono ikimtetemeka, akaenda kuketi chini ya mparachichi peke yake. Majirani walisema amerogwa. Shangazi zangu walisema ana moyo mwepesi. Alipelekwa kwa waombezi, akapelekwa kwa mganga. Alifariki mwaka wa 2009 na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kumtajia jina la ugonjwa wake.

Nakueleza haya, msomaji, ili uelewe nilivyohisi siku moja mwaka wa 2023 nilipopigiwa simu kutoka shule anakosoma binti yangu. Alikuwa kidato cha pili. Mwalimu aliniambia kwamba mtoto amekataa kuingia katika chumba cha mtihani. Nilipofika nilimkuta ameketi barazani, vidole vimekufa ganzi, anapumua kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Nilimtazama, nikamwona mama yangu chini ya mparachichi.

Zahanati ya kwanza tuliyokwenda walisema ni malaria, wakampa vidonge. Ya pili walisema anaigiza kwa kuogopa mtihani. Hatimaye tulipata daktari aliyekuwa na subira. Alimpima damu, akapima moyo na tezi ya shingoni, maana tezi hiyo ikifanya kazi kupita kiasi nayo huufanya moyo upige mbio. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo akasema, "Mtoto huyu ana ugonjwa wa wasiwasi, nao una tiba." Halafu akaniuliza, "Je, kuna mwingine katika ukoo?"

Nilinyamaza. Binti yangu aligeuka akanitazama. Tulipotoka nje aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ni wewe uliyenipa?"

Swali hilo lilininyima usingizi. Mimi si daktari, lakini ni mwalimu, na mwalimu akiulizwa asilolijua huenda akasoma. Nilianza na kitabu cha Biolojia cha binti yangu mwenyewe, nikaendelea hadi kwa maandishi ya watafiti. Leo nakuletea niliyoyapata, kwa lugha ya nyumbani.

Urithi

Kwanza ujue kwamba hatuko peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi. Hayo ndiyo magonjwa ya akili yaliyoenea kuliko yote. Nami nilikuwa nikidhani ni mkosi wa nyumba yetu!

Je, hurithiwa? Ndiyo, kwa kiasi. Wataalamu walijua hivyo kwa kuchunguza mapacha. Kuna mapacha wanaotokana na yai moja, ambao jeni zao ni sawa kabisa, na wanaotokana na mayai mawili, ambao wanafanana kama ndugu wengine wa kawaida tu. Ikiwa pacha mmoja ana ugonjwa wa wasiwasi, mwenzake wa yai moja huwa katika hatari kubwa kuliko mwenzake wa mayai mawili. Kwa kulinganisha makundi hayo, watafiti wa Marekani waliokusanya matokeo ya chunguzi nyingi mwaka wa 2001 walikadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 40 ya tofauti zilizopo baina ya watu katika hatari ya magonjwa haya hutokana na jeni.

Tafadhali usiielewe vibaya hesabu hiyo. Haimaanishi kwamba asilimia 40 ya wasiwasi wangu ilitoka kwa mama na iliyobaki nikaiokota njiani. Maana yake ni kwamba ukiwatazama watu wengi kwa pamoja na kuuliza kwa nini huyu ni mwoga na yule ana moyo mkavu, jeni zitakueleza sehemu ya tofauti hiyo, na maisha yatakueleza sehemu iliyo kubwa zaidi. Mtoto wa mgonjwa ana hatari zaidi ya mtoto wa jirani, lakini watoto wengi wa wagonjwa hawaugui.

Jeni nyingi, kila moja na chembe yake

Nilipofika hapo nilitaka kuijua hiyo jeni yenyewe, jina lake na makao yake, nipate kuilaumu. Mwaka wa 1996 watafiti walitangaza kwamba wamepata moja. Ni ile inayohusika na kurudisha serotonini ndani ya seli za ubongo. Serotonini ni kemikali inayosaidia kutuliza hisia. Walikuta kwamba watu wenye umbo fupi la sehemu fulani ya jeni hiyo walielekea kuwa na wasiwasi zaidi. Magazeti ya dunia yalishangilia. Lakini watafiti hao wenyewe walieleza kwamba jeni hiyo ilichangia asilimia 3 hadi 4 tu ya tofauti baina ya watu, na chunguzi kubwa zilizofuata zilipingana, nyingine zikikubali, nyingine zikikataa.

Leo inajulikana kwamba hakuna jeni moja ya wasiwasi. Mwanadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maagizo ya kutengeneza protini, na zinazogusa wasiwasi ni nyingi, kila moja ikisukuma kidogo sana, mithili ya kibaba na kibaba hadi pishi ikajaa. Mwaka wa 2020 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa waliokuwa wanajeshi wa Marekani wapatao 200,000. Katika wale wenye asili ya Ulaya, zilipatikana sehemu 5 za DNA zilizohusiana na wasiwasi. Katika wale wenye asili ya Afrika ilipatikana 1 tu.

Je, ni kwamba sisi hatuna wasiwasi? La hasha! Ni kwamba Waafrika waliopimwa walikuwa wachache mno kulinganisha na wenzao, na kitu kidogo hakionekani katika kundi dogo. Kwa hivyo ukisikia mtu anauza kipimo cha damu cha kukuambia kama mtoto wako atakuwa na wasiwasi, shika mfuko wako vizuri. Kipimo hicho hakipo.

Shangazi mlangoni

Sasa, msomaji, tufike pale paliponifurahisha kuliko pote. Seli zako zote zina jeni zile zile, za jicho na za ini, za mguu na za ubongo. Je, seli ya ubongo inajuaje itumie zipi na inyamazishe zipi, na kwa kiasi gani?

Fikiria karamu ya harusi. Mapishi yote ya ukoo yameandikwa katika daftari kubwa lililofungiwa chumbani, na hakuna ruhusa ya kulitoa. Hiyo ndiyo DNA. Chakula kikihitajika, mtu hunakili ukurasa mmoja kwenye kikaratasi, akampa mtoto akipeleke kwa wapishi mekoni. Kikaratasi hicho ni RNA mjumbe. Wapishi wakikisoma, hupika, na chakula chenyewe ndicho protini.

Lakini mlangoni kwa wapishi amesimama shangazi mmoja mdogo wa mwili. Yeye hapiki wala haandiki. Kazi yake ni kuvitazama vikaratasi. Hiki anakipitisha, hiki anakikunja, hiki anakichana. "Pilau imetosha. Rudi." Bila yeye sufuria zitafurika na sherehe itaharibika. Shangazi huyo ndiye anayeitwa maikro-RNA. Ni kijiuzi kifupi cha herufi zipatazo 22 tu za kikemikali, hujibandika kwenye RNA mjumbe na kuizuia isisomwe, au kusababisha ivunjwevunjwe. Na shangazi mmoja anaweza kusimamia vikaratasi vya aina nyingi.

Kijiuzi hiki kiligunduliwa na Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, walipokuwa wakichunguza mnyoo wenye urefu wa milimita 1. Walichapisha habari zao mwaka wa 1993 na watu hawakushtuka. Walidhani ni tabia ya minyoo tu. Mwaka wa 2000 Ruvkun na wenzake waliona kwamba kijiuzi kingine cha namna hiyo kimo katika wanyama wa kila aina, binadamu akiwemo. Leo zinajulikana zaidi ya 1,000 ndani ya mwanadamu. Mwaka wa 2024 wagunduzi hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Mdharau mwiba humchoma!

Na wasiwasi unaingiaje? Ndani kabisa ya ubongo, kila upande, kuna kifundo chenye umbo la lozi kinachoitwa amigdala. Hicho ni mlinzi wa usiku. Kikisikia kishindo hupiga filimbi, moyo ukaenda mbio, viganja vikatoa jasho, miguu ikawa tayari kukimbia. Kwa mtu mwenye ugonjwa wa wasiwasi, mlinzi huyu hupiga filimbi hata kwa paka.

Mwaka wa 2011, katika Taasisi ya Weizmann huko Israeli, watafiti wakiongozwa na Alon Chen waliona kwamba panya wakipata mfadhaiko, maikro-RNA iitwayo miR-34c huongezeka katika amigdala yao. Walipoiongeza wao wenyewe, panya walitulia zaidi. Shangazi huyu alikuwa akizuia utengenezaji wa kipokezi kinachoupokea ujumbe wa mfadhaiko. Mwaka wa 2023, mwaka ule ule binti yangu alipoketi pale barazani, wanasayansi wa vyuo vikuu vya Bristol na Exeter nchini Uingereza walieleza habari ya maikro-RNA nyingine, miR-483-5p, ambayo huinyamazisha jeni iitwayo Pgap2 katika amigdala ya panya dume, na kwa kufanya hivyo hupunguza dalili za wasiwasi.

Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini, machozi yakanitoka. Maana yake ni kwamba mwili wenyewe una breki zake. Nilikuwa nimejiona kama gari lililotoka kiwandani bila breki, nikamzaa mtoto asiye na breki. Kumbe sivyo. Breki zipo, ila nyingine hushika taratibu.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Panya si mtu, na hakuna dawa ya maikro-RNA ya kutibu wasiwasi unayoweza kuinunua dukani leo. Kwa upande wa binadamu, mwaka wa 2011 zilionekana dalili kwamba tofauti ndogo ndogo karibu na jeni za baadhi ya maikro-RNA zinahusiana na ugonjwa wa hofu ya ghafla, lakini dalili si ithibati. Safari ndiyo kwanza imeanza.

Malezi

Nilidhani hapo nimemaliza, nimepata jibu la kumpa binti yangu: "Mwanangu, ni jeni, si mimi." Laiti ningeishia hapo! Lakini nilisoma zaidi.

Katika Chuo Kikuu cha McGill huko Kanada, watafiti waliwachunguza panya akina mama. Wako wanaowalamba sana watoto wao na wako wanaowalamba kidogo. Watoto waliolambwa sana walikua watulivu. Watu wangesema ni damu. Basi watafiti wakabadilishana watoto, mtoto wa huyu akalelewa na yule. Kumbe mtoto alifuata malezi ya aliyemlea! Mwaka wa 2004 walionyesha kwamba kulambwa huko hubadilisha alama za kikemikali juu ya jeni inayosaidia kuzima mfadhaiko. Herufi za daftari hazikubadilika, ila ukurasa ulifunguliwa.

Basi nikakutana na uchunguzi wa mwaka wa 2015, ulioongozwa na Thalia Eley wa London pamoja na wenzake, juu ya familia za mapacha wa Uswidi. Ufikirie vizuri. Ikiwa mama yako na mama yako mdogo ni mapacha wa yai moja, basi kwa jeni unamfanana mama mdogo sawasawa na unavyomfanana mama. Kama wasiwasi ungepita kwa jeni peke yake, ungefanana na wa mama mdogo kama unavyofanana na wa mama. Sivyo walivyokuta. Wasiwasi wa vijana ulifuata ule wa mzazi anayeishi nao. Wakahitimisha kwamba katika umri huo, kuishi na mzazi mwenye wasiwasi kuna uzito wake wenyewe, mbali na jeni.

Nilijitazama. Ni nani aliyemkataza binti yangu kwenda ziara ya shule Nakuru kwa kuogopa ajali? Ni mimi. Ni nani aliyesimama dirishani kila jioni saa kumi na moja, na mtoto akichelewa dakika tano anampokea kwa kelele? Ni mimi. Hadi anatimiza miaka 15 alikuwa hajapanda matatu peke yake. Kila siku nilimfundisha, bila neno, kwamba dunia ni simba. Nilikuwa nikiyafanya aliyoyafanya mama, tena kwa mapenzi yale yale.

Basi nilimwita jikoni, nikamjibu swali lake. Nilimwambia, "Mwanangu, sehemu nilikupa bila kujua, kama nilivyokupa pua hii. Nami nilipewa na nyanya yako, naye alipewa na wake. Sehemu nyingine nilikufundisha. Ile niliyokupa hatuwezi kuirudisha. Ile niliyokufundisha tutaisahau pamoja." Alicheka huku analia. Nikamsimulia habari ya City Stadium, jambo ambalo sikuwahi kumwambia hata baba yake.

Tulianza kwenda kwa mwanasaikolojia. Tiba ni ya kuzungumza, lakini si mazungumzo matupu. Mgonjwa hufundishwa kuyapima mawazo yake, kisha hukikaribia anachokiogopa hatua kwa hatua, badala ya kukikimbia. Binti yangu alianza kwa kuketi katika chumba kitupu cha mtihani dakika tano, kisha kumi, kisha na wenzake. Mimi nilipewa mazoezi yangu: kupita City Stadium bila kushuka. Wako wanaohitaji dawa pia, hasa zile zinazoongeza nguvu ya serotonini, nazo hutolewa na daktari na hazikatizwi ghafla bila idhini yake. Hilo si aibu, kama vile insulini si aibu kwa mwenye kisukari.

Mzazi unayenisoma, ikiwa mtoto wako analalamika maumivu ya tumbo kila Jumapili jioni, anakosa usingizi, anatweta, anakwepa watu au shule kwa majuma mengi, usimwambie "jikaze" wala usimpeleke kwa mganga. Mpeleke hospitali apimwe magonjwa mengine kwanza, kisha uulize habari za wasiwasi. Ukiulizwa habari za ukoo, usinyamaze kama nilivyonyamaza. Nawe mwanafunzi unayetetemeka usiku kabla ya mtihani, wasiwasi kidogo ni wa kila mtu na hukusaidia kuamka mapema. Ukianza kukufungia mlango, mwambie mtu mzima unayemwamini.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 2025 binti yangu alimaliza mtihani wake wa KCSE. Siku ya karatasi ya Hisabati aliomba ruhusa kutoka nje mara moja, akapumua taratibu kama alivyofundishwa, akarudi ndani akaendelea. Alinisimulia jioni akiwa anakula, kama mtu anayesimulia habari ya kawaida. Alikuwa amechelewa kurudi kwa nusu saa, na sikusimama dirishani. Niliketi sebuleni nikasahihisha madaftari, ijapokuwa, nakiri, ukurasa mmoja niliusahihisha mara tatu.

Nami siku hizi nafika mjini kwa matatu. Si kila siku. Wiki iliyopita nilishuka City Stadium tena. Lakini niliposhuka nilijua ninachokimbia kinaitwaje, na asubuhi yake nikapanda tena. Mama yangu hakuipata nafasi hiyo.